Kabla theluji haijaanguka, gari liko tayari?

Familia za Kikongo zilizohamia Portland, Maine, na za Kikenya zilizoko Minneapolis, Minnesota, hujifunza upesi kwamba gari nalo lina majira yake. Mwezi wa Julai linawaka bila shida. Januari, baridi ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri, baba analiwasha alfajiri na betri haiitiki. Watoto wanachelewa shule, yeye anachelewa zamu.

Ndiyo maana wenyeji hupeleka gari kwa fundi mapema, mwezi wa Oktoba. Kwanza hupimwa betri, maana baridi huipunguzia nguvu wakati uleule ambapo oili imekuwa nzito na injini ni ngumu kuwaka. Betri iliyochoka hubadilishwa. Kwenye rejeta hayawekwi maji matupu, kwa sababu yakiganda hupanuka na yanaweza kupasua injini. Huchanganywa nusu kwa nusu na dawa ya kuzuia kuganda. Hata maji ya kuoshea kioo lazima yawe ya aina isiyoganda.

Kisha matairi. Joto likishuka chini ya nyuzi 7, mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa, lakini tairi la baridi hubaki laini na kushika barabara. Upepo nao hupungua baridi inapozidi, hivyo hupimwa angalau kila mwezi. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne lisimdanganye mtu: linasaidia kuondoka, halisaidii kusimama. Kwenye barafu, dawa ni mwendo wa pole na kukaa mbali na gari la mbele.

Kwenye buti ziwekwe blanketi, beleshi, tochi, nyaya za kuazimia moto wa betri, maji, chakula kidogo, na mchanga wa kumwaga chini ya tairi lililokwama. Mafuta yasishuke chini ya nusu tangi.

Lakini kuna hatari isiyongoja barabarani. Ipo mlangoni pa nyumba. Mama anawaketisha watoto garini wapate joto, injini inanguruma, baba yuko nje anaondoa theluji. Bomba la moshi limefukiwa, na gesi ya kaboni monoksidi inaingia ndani. Haina rangi wala harufu. Watoto wanaonekana kama wamesinzia tu. Katika dhoruba kubwa ya Januari 2016 mashariki mwa Marekani, wapo waliokufa namna hiyo hiyo. Basi bomba lisafishwe kwanza, ndipo injini iwashwe. Na gari lisiachwe likinguruma ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi.

Jambo jingine ni koti zito. Mtoto asifungwe mkanda wa kiti chake akiwa amelivaa. Gari likigonga, koti hubonyea, mkanda unabaki umelegea, na mtoto anaweza kuchomoka. Avuliwe koti, mkanda ukazwe, kisha afunikwe kwa koti hilo juu ya mkanda.

Bibi akipiga simu kutoka Goma au Kisii kuuliza kama wajukuu wanakula vizuri, aulize na hili: asubuhi, nani husafisha bomba la moshi?