Jina limekataliwa? Usikasirike, ila usilale

Wafanyabiashara wenzangu, hasa ninyi mnaotoa mzigo Mkuyuni na kuuza kwa simu: karafuu, mdalasini, pilipili manga, ndizi. Kuna lalamiko nalisikia kila mara. Mtu anafungua akaunti, anaandika jina alilolitaka, mtandao unamjibu halipatikani. Anaona kaonewa.

Mara nyingi hajaonewa. Pengine kuna aliyewahi. Au ni neno ambalo mtandao umeliweka akiba. Chukua instagram.com/explore: huo ni ukurasa wao wenyewe wa kutafutia vitu. Mtu akipewa jina "explore", linki yake itagongana na ukurasa huo. Halafu kuna utapeli. Twitter, kabla haijaitwa X, ilikataza jina lenye neno "Twitter" au "Admin", kwa sababu ukiandikiwa na mtu wa jina hilo utaamini ni wahusika na utampa neno lako la siri. Ujanja ni uleule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Hata BRELA hukataa jina linalofanana na lililokwisha kusajiliwa.

Kwa hiyo mimi nasema kufuli hilo ni zuri. Shida ni kwamba linalinda mlango wa mwenye mtandao na wa wakubwa. La kwako hakuna anayekuwekea akiba. Leo unaitwa viungomkuyuni, kesho mtu anafungua viungomkuyunii, anabeba picha zako, anapokea hela ya mteja wa Dar. Mzigo hauendi. Mteja hamjui tapeli, anachokijua ni jina lako. Na akishapigwa, hata jirani yako anayeuza mdalasini safi wa Mkuyuni hataaminika tena.

Basi jiwekee kufuli mwenyewe:

1. Chagua jina fupi lenye bidhaa na mahali. X inaishia herufi 15 na haikubali nukta. Facebook inakubali nukta lakini inakataa kistari cha chini. Tumia herufi tupu, jina lilelile litaingia kote.

2. Lichukue kwenye mitandao yote siku moja, hata kama unauzia mmoja tu.

3. Lisajili BRELA, na lipa namba yako isome jina hilohilo. Mwambie mteja: kabla hujaweka namba ya siri, angalia jina linalotokea. Likiwa tofauti, usitume.

4. Biashara ikikua, sajili na alama ya biashara. Ukienda kulalamika kwamba jina lako limeibiwa, mitandao mikubwa inauliza namba ya usajili huo, haiulizi umeuza miaka mingapi.

Leo, kabla hujapandisha picha ya mzigo, tafuta jina lako kwenye kila mtandao uone nani analitumia. Kama hakuna, lichukue leo hii.