Mzee amestaafu, sasa je?

Asubuhi ya kwanza baada ya kustaafu, baba aliamka saa kumi na moja kama kawaida yake. Akaoga, akanyoa ndevu, akafunga tai. Alipofika mlangoni ndipo mama akamuuliza, "Mzee, unaenda wapi?" Baba alirudi akaketi kwenye kochi, tai ikiwa bado shingoni.

Kwa miezi miwili nyumba yetu ya Jericho haikukalika. Mzee aligombana na redio, akagombana na wajukuu, akawa anahesabu hata vijiko vya sukari. Usiku hakuwa akilala. "Mwanangu," mama aliniambia siku moja jikoni, "baba yako atakufa kwa kukaa tu."

Msomaji, ni nyumba ngapi hapa Eastlands zilizo na mzee kama huyu? Mwaka wa 2009 serikali iliongeza umri wa kustaafu wa watumishi wake kutoka miaka 55 hadi 60. Lakini hata mtu wa miaka 60 bado ana nguvu. Tunamwandalia karamu, tunampa blanketi, tunamuuliza habari za marupurupu. Hakuna anayemuuliza, "Jumatatu utafanya nini?"

Mkumbukeni Mzee Kimani Maruge. Mwaka wa 2004, akiwa na umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 zilimfurusha kwake. Alipohamia Nairobi hakukata tamaa. Juni 2008 alijiandikisha darasa la sita katika Shule ya Msingi ya Marura, Kariobangi, hapa hapa kwetu. Alifariki Agosti 2009 akiwa bado na hamu ya kusoma.

Kwetu sisi, aliyemwokoa mzee ni binti yangu wa darasa la tano. Jumamosi moja alimwambia, "Babu, nipeleke maktaba ya Makadara." Baba alikwenda akinung'unika. Kule mtoto akakwama kwenye hesabu za sehemu. Baba, aliyekuwa karani wa stoo kwa miaka mingi, akamweleza kwa mfano wa magunia. Watoto wawili wa meza ya pili wakasogeza viti ili nao wasikie.

Jumamosi iliyofuata walikuwa wakimngoja.

Dawa ilikuwa hiyo, ndugu zangu. Pesa za uzeeni ni muhimu, na zikichelewa huumiza. Lakini mzee anahitaji pia mahali anapotarajiwa. Kama ungali kazini, anza sasa kutafuta pako: kwaya, bustani, timu ya watoto, hata darasa la kompyuta. Nanyi vijana, msimwambie mzee, "Wewe pumzika tu." Mwombeni awafundishe jambo analolijua.

Siku hizi Jumamosi baba hufunga tai yake mapema, na mama hamuulizi anakokwenda.