Shahada ni Nguzo ya Uislamu, Si Nguzo ya Kila Ajira

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Maswahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, hivi karibuni tumesoma tangazo lililobandikwa ukutani mwa msikiti: shule ya Kiislamu inatafuta mtunza stoo mwenye shahada ya chuo kikuu. Kijana aliyeitunza stoo hiyo miaka sita kwa posho tu, pasipo kupotea hata gunia moja, akaambiwa hana sifa za kuomba. Tunauliza: kuhesabu magunia ya mchele na maboksi ya madaftari kunahitaji miaka mitatu ya chuo kikuu?

Hatusemi kwamba elimu ya juu haina maana. Daktari na mhandisi wameshika roho za watu, na Mtume (S.A.W.) amembebesha dhamana anayetibu bila kujulikana kuwa na ujuzi wa tiba. Tunachokipinga ni kuifanya shahada kuwa mlango wa kila kazi, karatasi ikatangulizwa mbele ya ujuzi na uaminifu.

Kipimo cha Uislamu kinafahamika. Katika Suratul-Qasas, binti wa yule mzee wa Madyan alipomshauri baba yake amwajiri Musa (A.S.), alitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Ibn Taymiyya ameeleza kuwa nguvu hiyo hutofautiana kulingana na kazi. Ya jemadari siyo ya kadhi. Na ijaza ya wanazuoni wetu ilitolewa na mwalimu aliyemsikia mwanafunzi akisoma mbele yake, haikutolewa na jengo. Al-Qaffal al-Marwazi alikuwa fundi makufuli kabla ya kuwa imamu wa fiqhi.

Tazameni madhara ya kuitukuza karatasi. Aprili 2017, uhakiki nchini Tanzania uliwabaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Kughushi ni haramu, wala hatuwatetei. Lakini jamii inayouliza cheti kabla ya kazi isishangae vyeti vya uongo vikigeuka biashara. Hata Marekani, ambako twaiga mengi, jimbo la Maryland liliondoa mwaka 2022 sharti la shahada katika maelfu ya nafasi za serikali.

Basi tunazinasihi kamati za shule na misikiti yetu. Kabla ya kutangaza kazi, andikeni mambo ambayo mwajiriwa atayafanya, kisha mumpime kwa hayo. Fundi aliyejifunza mtaani apelekwe VETA, ambako ujuzi wake hupimwa na kutambuliwa kwa cheti. Na mumuulize jirani yake kuhusu uaminifu wake, kwani hilo halimo katika cheti chochote.

Tunalalamika kila mwezi kwamba vijana wetu wanafungiwa milango ya ajira. Tutalalamika kwa uso gani, ilhali mlango huu tumeufunga kwa mikono yetu? Yule kijana wa stoo bado anaswali safu ya kwanza katika msikiti ule ule, mbele ya tangazo lile lile. Kamati imwite, impime, na kama anafaa impe haki yake. Ajira ni amana, na kila aliyekabidhiwa ataulizwa.

Wabillaahi tawfiiq.