Kabla ya Kukata Viwanja, Tuulize Maji Yatapita Wapi



Kuna shauri la kununua shamba katika tambarare ya Athi na kulikata viwanja vya futi 50 kwa futi 100, kila mwanachama apate chake kwa kulipa kidogo kidogo. Twalipenda shauri hili. Wazee wetu waliishi katika landi, na siku ya kustaafu wengi wao walirudisha funguo wakatoka mikono mitupu. Mfanyakazi akitaka mahali pake mwenyewe hana kosa. Lakini ramani tuliyoonyeshwa ina viwanja, namba na barabara tu. Njia ya maji haimo. Kwa maoni yetu, shauri hili lisipitishwe mpaka imo.

Sisi tunaotunza njia ya reli twaijua ardhi ile. Ni udongo mweusi. Wakati wa kiangazi hupasuka hata mkono ukaingia. Mvua ikinyesha huvimba, ukajifunga, na maji yakasimama juu yake.

Hebu tupige hesabu. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya ekari moja huleta lita 200,000 za maji. Leo nyasi huyapunguza mwendo, na mengine huingia ardhini polepole. Ekari hiyo ikikatwa viwanja 8, na kila nyumba ikiwa na paa la mita 100 za mraba, mabati peke yake yatamwaga lita 40,000, upesi na kwa wakati mmoja. Ongeza nyua za saruji na barabara. Maji hayo yatakwenda kwa jirani wa chini, naye ni mwanachama mwenzetu.

Wengine wasema mifereji itachimbwa baadaye. Ndugu, kiwanja kikisha kupata hati, kila futi ina mwenyewe. Nani atakubali mfereji upite katikati ya nyumba yake? Njia ya maji hutengwa kabla ya kukata viwanja.

Tena mfereji wataka mtu wa kuuzibua. Tarehe 29 Aprili 2024, kabla ya mapambazuko, huko Mai Mahiu, maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani kwa kuwa kalvati ilizibwa na takataka na matope. Tuta likabomoka, maji yakawashukia watu waliolala. Zaidi ya watu 40 walikufa. Kila mtu wa reli alikumbuke jambo hilo anapoambiwa kwamba kalvati ni kitu kidogo.

Jambo la pili ni maji ya chini. Katika ramani hakuna bomba la maji safi wala la maji machafu. Basi kila mtu atachimba choo chake, na wengi watachimba visima. Watu wa afya hushauri kisima kiwe mbali na choo kwa mita 30, yaani kama futi 100. Kiwanja chetu chote urefu wake ni futi 100! Hata ukiweka choo upande mmoja na kisima upande wa pili, choo cha jirani kitakuwa karibu na kisima chako.

Wenye fedha watasema watachimba visima virefu vya mashine. Maji ya visima vingi vya Nairobi na Athi yana floridi nyingi kupita kiasi kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani, yaani miligramu 1.5 kwa lita. Floridi hutia meno ya watoto madoa, na ikizidi sana hudhuru mifupa. Kuyachemsha maji hakuiondoi. Tena maji ya chini katika sehemu za Nairobi yameshuka kwa miaka mingi kwa sababu ya kuvutwa mno. Visima vikijaa katika shamba moja, wa kwanza kukauka ni cha yule asiyeweza kuchimba zaidi.

Kwa hiyo twataka mambo manne kabla ya kulipa. Kwanza, mpimaji aonyeshe maji ya mvua yanatoka wapi na kwenda wapi, na njia hiyo isiuzwe. Pili, udongo ujaribiwe kwa maji ili tujue kama utanyonya maji machafu. Tatu, kiwe kisima kimoja cha wote, chenye kibali kwa sheria ya maji ya 2016, na maji yake yapimwe. Nne, ruhusa ya kaunti ya kugawa ardhi, itakiwayo na sheria ya 2019, isomwe mkutanoni.

Haya yatapunguza idadi ya viwanja, na bei itapanda kidogo. Twajua. Lakini fedha hizi ni akiba ya miaka 20 na 30 ya kazi, na muuzaji akisha kulipwa hatamwona tena aliyefurikiwa. Mkutano ukiitwa, njoni wote, na kabla ya kuinua mkono ulizeni habari ya maji.

Umoja ni nguvu.