MAZINGIRA YETU: Mathenge ya kando ya njia

Mwezi huu tunazungumzia mathenge, mti ambao kila nyumba inaujua. Kwetu Kismayo Wasomali wanauita garanwaa, yaani "haujulikani", kwa vile ni mgeni. Asili yake ni Amerika. Ililetwa izuie mchanga na kutupa kuni, kisha ikatushinda.

Inasambaa vipi? Mbuzi na ng'ombe wanapenda maganda yake matamu. Mbegu zinapita tumboni zikiwa nzima, zinaangukia njiani na mavi. Ndio maana mathenge huanza kando ya barabara na mikondo ya maji, popote mifugo inapopita.

Ikishika mahali, nyasi chini yake hazioti. Mgunga na mswaki, mti tunaosugulia meno, hukosa nafasi. Mwiba wake hutoboa champali na mguu huvimba. Mwaka 2006 watu wa Baringo, Kenya, waliishtaki serikali, wakapeleka kortini mbuzi aliyeharibika meno kwa kula maganda hayo. Mwaka 2008 Kenya iliitangaza kuwa magugu mabaya.

Basi tufanye hivi:

1. Miche midogo njiani tuing'oe na mizizi yake baada ya mvua, udongo ukiwa laini.

2. Mti mkubwa usikatwe juu. Ukikata juu unachipua matawi mengi kuliko mwanzo. Chimba kidogo, kata shina chini ya udongo kiasi cha kiganja.

3. Kuni tuchukue za mathenge, mgunga tuuache. Lakini tuwaulize kwanza wazee wa wenyeji. Kuni zimeshaleta ugomvi wa kutosha.

4. Maganda tuokote kabla mbuzi hajayafikia, tuyasage mpaka mbegu zivunjike, ndio tumlishe.

Jambo hili ni la nyumbani pia. Migunga mingi ya upande wa Kismayo ilikatwa kuuzwa makaa ng'ambo, hata Umoja wa Mataifa ukapiga marufuku biashara hiyo mwaka 2012. Ardhi iliyobaki wazi ndiyo mathenge inayoipenda. Kwa hivyo atakayejaaliwa kurudi Kismayo, Koyama, Chovai au Chula asibebe mbegu yake kwa ajili ya ua. Kisiwa ni kidogo, na mti huu ukiingia hautoki kwa urahisi.

Watoto, hesabuni miche mliyong'oa, mtuambie darasani. Tukutane mwezi ujao, inshallah.