Baada ya Leza, Tusubiri Neno "Ila"

Katika adabu ya lugha yetu, anayeulizwa habari hujibu kwanza kuwa ni nzuri. Hata aliyekesha na mgonjwa, hata aliyetoka kuzika, atasema "nzuri" au "salama", atanyamaza kidogo, kisha ataongeza: "ila..." Habari yenyewe hukaa nyuma ya neno hilo dogo. Wazee wetu walilijua jambo hili, na hawakuinuka mkekani mara tu waliposikia "nzuri". Sisi watoa huduma za macho, nahofia, tumezoea kuinuka mapema.

Tuchukue mfano wa mama aliyefanyiwa upasuaji wa leza ili aachane na miwani. Anarudi kliniki baada ya miezi mitatu. Anaketi, anafunika jicho moja, anasoma herufi za ubaoni hadi mstari wa chini. "Macho yanaendeleaje, mama?" "Vizuri, daktari, nashukuru." Daktari anaandika kipimo na kumwita anayefuata. Mama anaondoka na jambo ambalo hakulisema: kwamba usiku kila taa ya gari linalomjia huzungukwa na duara la mwanga, na kwamba tangu mwezi uliopita ameacha kuendesha gari baada ya magharibi. Katika faili lake upasuaji umefanikiwa. Katika maisha yake umefanikiwa mchana tu.

Hoja yangu ni moja. Maelezo ya mgonjwa kuhusu maisha yake baada ya leza ni sehemu ya matokeo ya tiba, sawa na kipimo cha ubao. Na wajibu wa kuyatafuta maelezo hayo ni wetu kabla haujawa wa mgonjwa.

Ushahidi wa hoja hii haukutoka mbali na chumba cha upasuaji. Nchini Marekani upasuaji wa LASIK umefanyiwa mamilioni ya watu. Mwezi Aprili mwaka 2008, mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, FDA, ilifanya kikao cha hadhara na kuwasikiliza wagonjwa na jamaa zao. Wapo walioshukuru, wapo pia walioeleza ukavu wa macho, maumivu na kukata tamaa. Baada ya kikao hicho FDA ilishirikiana na taasisi ya taifa ya macho na wizara ya ulinzi ya nchi hiyo kuwauliza wagonjwa wenyewe, kwa hojaji iliyotungwa kwa uangalifu, kabla na baada ya upasuaji. Walioshiriki walikuwa askari wa jeshi la majini 262 na raia 312. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017.

Ni haki kuanza na yaliyo mema. Zaidi ya 95% ya washiriki waliridhika na uoni wao. Wengi waliokuwa na usumbufu wakati wa kuvaa miwani au lenzi za kubandika waliupoteza baada ya leza. Waliopata ugumu mkubwa katika shughuli zao kwa sababu ya usumbufu wa kuona hawakufika 1%. Hata hivyo, miongoni mwa wale ambao kabla ya upasuaji hawakuwa na usumbufu wowote wa kuona, hadi 46% walieleza angalau usumbufu mmoja mpya baada ya miezi mitatu: duara la mwanga kuzunguka taa, mng'aro unaoumiza, miale kama ya nyota, au vitu kuonekana viwili viwili. Na miongoni mwa wale ambao macho yao hayakuwa makavu hapo awali, hadi 28% walieleza dalili za ukavu.

Lakini jambo lililonigusa zaidi halimo katika asilimia hizo. Watafiti waligundua kuwa wagonjwa walikuwa tayari kuutaja usumbufu wao wa kuona kwenye hojaji zaidi ya mara mbili ya walivyokuwa tayari kumweleza mtoa huduma wao. Mambo yale yale waliyoyaandika, mbele ya daktari waliyanyamazia. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo huko, ambako mgonjwa hujulikana kwa kuhoji na kudai, sembuse kwetu, ambako kumlalamikia aliyekutibu huonekana utovu wa shukrani?

Sababu za ukimya huo tunazijua. Foleni ni ndefu, na mgonjwa humhurumia daktari aliyechoka. Fedha imelipwa, pengine kwa kuchangiwa na ndugu, na ni vigumu kusema kuwa kilichonunuliwa kwa mchango kina kasoro. Isitoshe, leza ya kuondoa miwani ni tiba aliyoichagua mtu mwenyewe. Kulalamika ni kama kujilaumu. Tena, wengi hawana jina la kile wanachokiona. Anayeona miale kuzunguka taa hudhani labda kila mtu huiona, au kwamba ni uchovu tu, na hivyo hulibeba jambo hilo peke yake.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumpa mgonjwa maneno kabla ya kumpa leza. Aelezwe kwa lugha yake kwamba atakuwa macho muda wote, kwa kuwa ganzi ni ya matone. Kwamba kope zake zitashikwa wazi kwa kifaa. Kwamba jicho litakandamizwa kidogo na kwa muda mfupi huenda asione kitu. Kwamba tabaka jembamba la konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, litainuliwa kama kifuniko chenye bawaba, leza ilichonge konea chini yake, kisha kifuniko kirudishwe. Na kwamba huenda akasikia harufu kama ya kitu kinachoungua. Aliyeambiwa hayo, yakimfika, atasema moyoni, "hili nalo waliniambia." Asiyeambiwa, giza lile la muda mfupi litamfanya adhani amepofuka mezani.

Aelezwe pia sababu za ukavu: mishipa midogo ya fahamu iliyomo katika konea hukatwa wakati wa upasuaji, na ndiyo inayoliarifu jicho lini litoe machozi. Kwa wengi hali hiyo hutulia kwa miezi. Kwa wachache hubaki. Aliyekaribia miaka 40 ajue kuwa leza ya kurekebisha uoni wa mbali haimwepushi na miwani ya kusomea. Na yule ambaye konea yake ni nyembamba mno au ina umbo la pia, au ambaye namba ya miwani yake bado inabadilika, aambiwe waziwazi kuwa leza hii haimfai, hata kama fedha anayo mkononi.

Huenda msomaji akasema kuwa LASIK ni shughuli ya wachache wenye uwezo, nasi kliniki zetu zimejaa kisukari, presha ya macho na mtoto wa jicho. Ni kweli, na hapo ndipo hoja yangu inapopata uzito wake. Neno "leza" ni moja, lakini tiba zinazobebwa na neno hilo ni nyingi, na hutofautiana mno kwa mgonjwa.

Yupo aliyepasuliwa mtoto wa jicho miaka iliyopita, kisha utando ulioachwa nyuma ya lenzi ya bandia ukaingia ukungu. Leza huutoboa kwa dakika chache, bila maumivu, na mara nyingi uoni wake hurejea upesi. Huyu hurudi kijijini akisema, "Nimepigwa leza, sasa naona." Jirani yake mwenye kisukari husikia. Naye anapoambiwa kliniki kuwa anahitaji leza, huja akitarajia muujiza ule ule.

Lakini leza yake ni nyingine kabisa. Kisukari kimeharibu mishipa ya damu ya retina, na mishipa mipya dhaifu imeanza kuota, iliyo tayari kuvuja damu ndani ya jicho. Leza huchoma sehemu za pembeni za retina, kwa vidoa vingi ambavyo kwa jicho moja huweza kupita 1,000, ili mishipa hiyo isinyae na uoni wa katikati uokoke. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoa matokeo mwaka 1976 ulionyesha kuwa tiba hiyo hupunguza hatari ya upotevu mkubwa wa uoni kwa zaidi ya nusu. Ni ushindi mkubwa wa tiba ya macho. Ila mgonjwa hauoni ushindi huo. Anachokiona ni mwanga mkali unaomulika tena na tena, maumivu yanayochoma kwa ndani, ukungu wa siku kadhaa, na baadaye usiku ulio mweusi zaidi na pembe za uoni zilizopungua. Alikuja ili aone zaidi. Anaondoka akiona pungufu kidogo, na hakuna aliyemweleza kuwa pungufu hilo ndilo bei ya kile kilichookolewa.

Mgonjwa wa namna hiyo hatalalamika. Atasema "nashukuru, daktari", na siku ya awamu ya pili hatakuja. Mishipa itaendelea kuota, damu itavuja, na jicho litakapozima, mtaa mzima utasema kuwa leza ndiyo iliyompofusha. Hapo ukimya wa mtu mmoja huwa kizuizi cha tiba kwa wengi.

Presha ya macho ina somo linalofanana na hilo, nalo linatoka Tanzania. Katika utafiti uliofanyika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021, wagonjwa wa glakoma waligawanywa: baadhi walipewa matone ya timolol, wengine leza ya kushusha presha ya jicho. Baada ya mwaka mmoja tiba ilikuwa imefanikiwa katika 61% ya macho yaliyopata leza, na 31% ya yale yaliyotiwa matone. Kwa mgonjwa anayekaa mbali na duka la dawa, hii ni habari njema sana. Lakini mafanikio ya leza hii hayaonekani kwa mgonjwa hata kidogo: haoni zaidi, haoni pungufu. Asipoelezwa, ataamua mojawapo ya mawili: ama kwamba leza haikufanya kazi, ama kwamba amepona na hana haja ya kurudi kupimwa. Yote mawili yanaweza kumgharimu macho.

Wapo wenzetu wanaosema kuwa maelezo mengi humtisha mgonjwa, na kwamba aliyetishwa hukimbilia kwa waganga. Siidharau hofu hiyo. Lakini mgonjwa hukimbia zaidi anapokutana na jambo ambalo hakuambiwa, kwa sababu hapo hukosa imani na jambo lenyewe pamoja na aliyelinyamazia. Wapo pia wanaosema kuwa muda hautoshi. Huenda dakika za daktari hazitoshi. Lakini muuguzi, mpima macho, na hata mgonjwa aliyekwisha kupitia tiba hiyo wanaweza kuifanya kazi hii pale pale kwenye mabenchi ya kusubiria.

Kinachohitajika si kingi. Kabla ya leza, mgonjwa aulizwe anatarajia nini, na jibu lake liandikwe. Baada ya leza, aulizwe maswali ambayo hayajibiki kwa "nzuri": Usiku taa unazionaje? Kuna kazi uliyokuwa ukiifanya na sasa umeiacha? Ulichotarajia na ulichopata vinalingana? Asiyejua kusoma asomewe. Maneno yake yaandikwe katika faili kama alivyoyasema, karibu na kipimo cha ubao. Kisha tunyamaze kidogo. Akisema "nzuri", tumuulize kwa upole: "Ila?"

Nawe mgonjwa, kabla hujatia sahihi au dole gumba katika fomu ya ridhaa, uliza: Leza hii ni ya kunifanya nione zaidi, au ni ya kuzuia nisipoteze nilichonacho? Itafanywa mara ngapi? Nitahisi nini, na nini kinaweza kubaki? Baada ya tiba, ukipata maumivu makali, jicho likawa jekundu sana, uoni ukashuka ghafla, au ukaona vimulimuli, vidoa vyeusi vingi vinavyoelea au kitu kama pazia, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Rudi hospitali siku hiyo hiyo. Na kwa lile dogo linalokusumbua usiku, ambalo umeona haya kulitaja, kumbuka walivyonena wahenga: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kumweleza daktari kasoro ya tiba yake hakumvunjii heshima. Ndiko kunakomwezesha kuirekebisha.

Yapo mengi yanayoweza kufanyiwa jicho kavu, na hata duara la usiku, mara likitajwa. Na aliyeikimbia awamu ya pili anaweza kurudishwa akifuatwa kwa maneno mazuri. Lakini hayo yote huanza kwa mtu mmoja kusema, na mwingine kuwa bado ameketi anamsikiliza.