Hewa ya Ukaa na Tabaka Linalowekwa Mwisho

Kunasa na kuhifadhi hewa ya ukaa, yaani kuitenga gesi ya kaboni dioksidi kabla haijatoka kwenye dohani la kiwanda, kuisafirisha kwa mabomba na kuishindilia chini kabisa ya ardhi, ni suala la mahali kuliko linavyodhaniwa. Kiwanda hakihamishiki kwa urahisi na mwamba hauhamishiki kabisa, hivyo mpangaji hubaki na kazi ya kuamua ni kiwanda kipi kiunganishwe na mwamba upi na bomba lipite kwa nani. Nchini Marekani, ambako hoja hii imezua mabishano makali, kazi hiyo hutegemea Mfumo wa Taarifa za Kijiografia, nao ni programu za kompyuta zinazopanga taarifa za eneo moja katika matabaka yanayolaliana: miamba, nyufa za ardhi, visima, mito, barabara na makazi. Kila tabaka hupewa uzito, kompyuta hukokotoa alama za kila kipande cha ardhi, na maeneo yanayodhaniwa kufaa hujitokeza kwa rangi yake.

Katika upande wa miamba, chombo hiki kinastahili heshima. Gesi inapofikishwa kina kinachozidi takriban mita 800, mgandamizo na joto huifanya iwe nzito karibu kama kimiminika, ikachukua nafasi ndogo mno ikilinganishwa na ile inayochukua juu ya ardhi. Kwa hiyo hutafutwa mwamba wa mchanga wenye vinyweleo, uliofunikwa na mwamba mwingine usiopenyeza. Tathmini iliyotolewa mwaka 2013 na idara ya jiolojia ya Marekani ilikadiria kuwa miamba ya nchi hiyo ingeweza kupokea wastani wa tani bilioni 3,000. Kiasi hicho, hata hivyo, ni kile kinachofikika kwa utaalamu uliopo bila kuuliza gharama wala ridhaa ya mtu yeyote, na wanasiasa wanaokinukuu kana kwamba ni ghala lililokwisha kufunguliwa hawawatendei haki wanajiolojia.

Mfano wa Decatur, katika jimbo la Illinois, unaonyesha pande zote mbili. Hapo, kati ya mwaka 2011 na 2014, takriban tani milioni moja za gesi iliyotoka kwenye kiwanda cha ethanoli cha mahindi zilishindiliwa katika mwamba wa mchanga wa Mount Simon, zaidi ya kilomita mbili chini, na mwamba ukazipokea kama ulivyotarajiwa. Mwaka 2024, katika eneo hilohilo, wasimamizi wa mazingira wa serikali ya shirikisho walitangaza kuwa majimaji yalikuwa yamepenya nje ya ukanda ulioidhinishwa, na tatizo lilikuwa kisima cha uchunguzi kilicholiwa na kutu. Mwamba haukuwa na kosa. Tundu lililotobolewa na binadamu ndilo lililokuwa na kasoro. Jambo hili lina uzito kwa mpangaji, kwa kuwa mabonde ya mafuta ya zamani yana visima vingi vilivyotelekezwa, vingine bila kumbukumbu, na kisima kisichoandikwa popote hakiwezi kuonekana kwenye tabaka lolote.

Hata hivyo, udhaifu mkubwa hauko chini ya ardhi. Mnamo Februari 2020, karibu na kijiji cha Satartia katika jimbo la Mississippi, mvua kubwa zilisababisha maporomoko ya udongo yaliyopasua bomba la kaboni dioksidi. Kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ilitambaa mabondeni hadi kijijini. Magari yalizimika kwa kukosa oksijeni, watu wapatao 200 walihamishwa na 45 wakapata matibabu hospitalini. Uchunguzi wa mamlaka ya usalama wa mabomba uliotolewa mwaka 2022 ulibaini kwamba hesabu za kukadiria mtawanyiko wa gesi zilikuwa zimepunguza ukubwa wa eneo la hatari. Ramani za miinuko na mabonde zilikuwepo miaka mingi kabla ya hapo, na kuzipandanisha na njia ya bomba si kazi ngumu kwa mchoraji ramani wa kawaida. Kilichopungua ni uamuzi wa kuyapa mabonde na watu wanaoishi ndani yake uzito unaostahili.

Hapa ndipo ubishi wenyewe ulipo, kwa sababu uzito wa tabaka hautoki kwenye mwamba wala kwenye kompyuta. Mtu ndiye anayeamua kwamba umbali kutoka kiwandani una thamani mara tatu ya umbali kutoka shuleni, kisha uamuzi huo hufichwa ndani ya hesabu na kurudi kwa wananchi ukiwa umevaa joho la sayansi. Kwa desturi tabaka la makazi na umiliki wa ardhi huwekwa mwisho, njia ikiwa imeshachorwa, na wenye mashamba huitwa mikutanoni kuarifiwa. Mpangilio ungepaswa kugeuzwa: uzito utangazwe na kujadiliwa kabla ya mstari wowote kuchorwa, hata kama njia itakayopatikana ni ndefu na ya gharama zaidi.

Watetezi wa mabomba hujibu kuwa utaratibu huo ungechelewesha miradi ambayo tabianchi haiwezi kuisubiri. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama utaratibu wa sasa ungekuwa wa haraka. Bomba la Heartland Greenway, lililokusudiwa kupita majimbo matano kwa takriban kilomita 2,100 na kufikisha gesi Illinois, lilifutwa na wenyewe Oktoba 2023, mwezi mmodi baada ya South Dakota kulinyima kibali; na mwezi Machi 2025 jimbo hilohilo likapitisha sheria inayozuia ardhi kutwaliwa kwa lazima kwa ajili ya bomba lolote la hewa ya ukaa.